Koko Anatoka Namanga na Habari Zake, Anarudi Nazo

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, mimi ni msichana wa kidato cha tatu hapa Kitengela, naongea kidogo na kusoma sana, na shida yangu inahusu nyanya yangu, ambaye sisi humwita koko. Anauza shanga Namanga karibu na mpaka, na kila kukiwa na mkutano mkuu wa kanisa letu anafunga meza yake, faida yote inaenda kwa nauli, anafika akinukia moshi wa nyumbani, ananigusa kichwani kunisalimu, na mimi huhisi kama mlima wa Namanga umekuja naye na umesimama nje ukimngoja. Kisha tunaketi. Wageni wanatambulishwa, kila kikundi kinaimba, mchungaji Ngugi anasoma matangazo ambayo tulishatumiwa kwa simu, mimi nimeketi dirishani nikitazama jua likihama polepole kutoka dirisha hadi dirisha juu ya vitambaa vya akina mama, na koko anatazama migongo ya watu mpaka saa ya gari lake.

Kwao, Umaasaini, watu wakikutana hawaanzi lolote kabla ya kupeana habari, za watoto, mvua, mifugo, ugonjwa, mmoja anasimulia na mwingine anaitikia taratibu mpaka ziishe. Siku moja stima ilipotea katikati ya mkutano, maikrofoni ikanyamaza, watu wakageuza viti. Koko akasimulia kwa Kimaasai jinsi mbuzi wake alivyozaa mapacha, na jinsi macho yake yameanza kukataa shanga ndogo, jambo ambalo hata mimi sikulijua, na Mama Waceke wa kanisa letu, aliyeketi karibu naye na ambaye Kimaasai hajui, akawa anaitikia tu, "Eee, eee," huku amemshika mkono. Mvua ikaanza juu ya mabati. Nikafikiri labda mbinguni viti havitazami mbele. Kisha stima ikarudi, na mwenyekiti akasema turudi kwa programu.

Juzi koko alinipigia simu. "Mtoto wangu, safari hii ya mkutano wa Jumamosi ndiyo ya mwisho. Mungu niko naye hata huku. Ni watu nilikuwa nafuata huko."

Mchungaji ni mtu mzuri, hata alituuliza vijana tungependa nini kibadilike, nami nikatazama viatu vyangu. Nikisema, si nitaonekana sina heshima?

Msichana wa Dirishani, Kitengela

Msichana wa Dirishani,

Pole, na mpelekee koko pole yangu. Lakini mchungaji aliuliza, jibu ulikuwa nalo, ukalinyima kanisa zima. Hiyo usiiite heshima.

Usingoje Jumamosi. Kesho ukitoka shule mpitie Mama Waceke, muende kwa mchungaji pamoja. Msalimie, kisha mwambie maneno ya koko kama alivyoyasema, usiongeze. Halafu omba: baada ya sala ya kwanza viti vigeuzwe, na waliotoka mbali wapeane habari kwanza na kuombewa. Matangazo yabaki kwa simu. Vikundi viimbe kwa zamu, kimoja kila mkutano. Na mkutano mmoja ufanyiwe Namanga, watu wa Kitengela nao waonje safari.

Akikataa, bado hakuna anayekuzuia kubeba viti viwili mpaka kivulini.

Jumamosi ondoka hapo dirishani. Keti ukimtazama koko, inamisha kichwa akuguse, umuulize habari. Anza na macho yake. Na uitikie mpaka amalize, usipotelee mawinguni katikati.