Daftari Uliloniachia Nimpe Mustafa

Baba Jenista,

Matanga tumeyaanua, wageni wamerudi kwao, na daftari lako bado liko chini ya godoro langu. Nakumbuka ulivyosema. Hukuwa na nguvu hata ya kugeuza shingo, ukanishika mkono, ukasema, "Lile daftari la kijani mpe Mustafa." Nikaitikia. Nikasubiri uongeze neno moja la kwangu. Ukalala.

Jumamosi Mustafa anakuja kulichukua na mimi sijui kama nitampa. Ninamwonea wivu, mume wangu. Nimeona nikuambie wewe kabla sijafanya jambo la kijinga.

Kwanza habari za nyumbani. Ng'ombe amezaa, ndama jike. Jenista amehamishiwa kufundisha shule moja ya Runazi, na kila jioni ananipigia kuniuliza nimekula nini. Mdogo wako amepogoa kahawa za bondeni, amekata mno, ungekuwepo mngegombana. Redio yako siiwashi. Taarifa ya habari inanipita tu.

Sasa Mustafa. Siku ya maziko alishuka kwenye pikipiki mlangoni kwetu hasa, bila kumwuliza mtu njia, wakati ndugu zako wenyewe wa Mbuba walipotea pale njia panda. Mwanamume mzima, rubani wa ndege za vita, akapiga magoti kwenye udongo akalia kwa sauti. Wifi Velediana, unaujua mdomo wake, akaninong'oneza, "Wifi, huyu analia utadhani mke mwenzako." Wanawake mkekani wakaficha vicheko kwenye kanga. Hata mimi nilicheka. Lakini neno lile liliniingia.

Walipompa nafasi ya kusema, akawaambia majirani kazi uliyokuwa ukiifanya, maana wao walikujua kama mtu wa migomba tu. "Mimi nikiwa juu simwoni askari," alisema. "Naona vilima na moshi, na napita mbio. Huyu ndiye aliyekuwa chini na redio. Haanzi na adui. Anaanza kuniambia yeye yuko wapi, wenzake wako wapi. Halafu ndiyo shabaha. Halafu nije kutokea upande gani, nisipitishe moto juu ya vichwa vyao. Narudia neno kwa neno. Nikikosea ananikatalia, na akikataa sipigi, hata kama nimemzidi cheo." Akafuta macho. "Miaka yote ile, hakuna siku niliyokuwa sijui alipo."

Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi niliinama. Miaka ile ile, Baba Jenista, mimi sikujua ulipo. Ulikuwa unapiga kwenye simu ya mwenye duka, naitwa nakimbia na mtoto mgongoni, nakuuliza uko wapi. "Nipo kazini." Kazini wapi? "Kazini tu, mama." Nikadhani ndiyo sheria ya jeshi, mtu hasemi. Kumbe ulikuwa unasema. Ulikuwa unasema mpaka upande wa kilima uliolalia.

Na hilo ningelimeza. Lakini baada ya chakula alikuja kunifariji, akasema, "Shemeji, aliponiambia habari za ini mwaka jana, nilimsihi sana aende hospitali kubwa." Mwaka jana! Mimi niliona tu miguu imevimba. Nilikuwa nakufulia, nakupikia, nalala ubavuni kwako, na ulisema ni uchovu wa jembe. Nikakuamini. Nikakuchemshia maji ya chumvi ukande miguu. Ini, Baba Jenista. Ukamwambia yeye.

Sisemi hukunipa kitu. Nakumbuka likizo moja nilichukua kile kitambaa chako cha rangi ya machungwa, mnachotandika chini ili rubani ajue hapo wapo watu wake, nikaanikia maharage. Sikujua ni kitu cha kazi. Ukatoka nje ukasimama, nami nikajua leo nitagombezwa. Ukasema, "Mama Jenista, maharage haya hakuna ndege itakayothubutu kuyapiga." Ukaketi chini tukayachambua pamoja mpaka jua likaenda. Siku ile sikukugawana na mtu.

Juzi nililifungua daftari. Usinikasirikie. Darasa la saba langu lilinitosha, maana mwandiko wako ni mzuri na huna maneno makubwa. Umeandika kwamba wa juu na wa chini wapange pamoja kabla ya kuondoka, si katikati ya mapigano. Kwamba mpaka wa kupiga uwe kitu kinachoonekana kutoka angani, mto au barabara, usiwe mti. Kwamba mwenye shaka asipige. Nilisoma siku mbili. Kusema kweli nilikuwa natafuta jina langu.

Halipo.

Ila karibu na mwisho kuna mchoro. Nilipoutazama nikapajua. Kilima chetu cha Mugoma, njia panda, kisima, migomba, nyumba ya bati na jiko nyuma yake. Chini umeandika: "Zoezi. Ndani ya nyumba hii wamo watu wetu. Rubani aieleze mpaka mwalimu aridhike, ndipo aruhusiwe kuendelea." Kumbe ndiyo maana Mustafa hakuuliza njia. Bila shaka naye ulimfundisha kwa zoezi hilo. Miaka yote uliyofundisha, marubani walikuwa wanakaa darasani wanajifunza jiko langu liko wapi, wasije wakalipiga.

Nililia sana. Halafu, sikufichi, wivu ukarudi na nguvu zaidi. Wanaume nisiowajua uliwaambia kwamba sisi ni watu wako. Mimi ungeniandikia mstari mmoja tu.

Nilifikiria kulichoma. Nililipeleka mpaka jikoni. Lakini nikakumbuka maneno ya Mustafa kwenye simu. Ameitwa kufundisha vijana, na anasema wa ndege wanajifunza kwao, wa miguu kwao, wanakutana siku ya zoezi kama wageni, kila mmoja anamwogopa mwenzake. Anataka mifano yako. Nikamfikiria mama wa kijana mmoja, mahali fulani, naye haambiwi mwanawe yuko wapi. Sitaki mtoto wake apigwe na ndege ya kwao kwa sababu ya wivu wangu. Nikalirudisha chini ya godoro.

Basi nakuaga, mume wangu. Pumzika, ini halikuumi tena. Naahidi Jumamosi nitampikia ndizi na maharage, ashibe, na daftari nitamkabidhi kwa mikono miwili kama ulivyotaka. Ila ukurasa wa nyumba yetu nimeukata kwa wembe, taratibu, nisiharibu zingine. Yeye anaujua kwa kichwa. Akiuliza sitamdanganya. Nitamwambia, "Shemeji, huo ni wangu."

Mkeo,
Konsolata