Nukta Zilipolala Msibani

Marahaba, mjukuu wangu Kabula. Huku Rwamgasa hatujambo, bibi yako anakusalimu.

Umeniuliza ninyi mafundi mwongeze nini kwenye mashine yangu ya breli, hii inayoinua nukta nisome kwa vidole. Iniombe ruhusa kabla ya kujisasisha.

Siku tuliyomzika kaka yangu Masanja, nilisimama kusoma wasifu wa marehemu. Mashine ikaanza kujisasisha, nukta zikalala chini ya vidole vyangu. Waombolezaji wakangoja.

Mjane wake akaninong'oneza, "Shemeji, sema tu unachokumbuka."

Masanja ndiye aliyenishika mkono mimi kipofu kila asubuhi hadi shuleni, lakini sikupata neno hata moja. Nikaketi.

Aibu hiyo, mjukuu wangu, siwezi kuitwisha mashine.

Babu yako,
Lukas