Tundu la Sufuria ya Mama

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Habari za hapo nyumbani, na mgongo je, umeacha kukusumbua ukiinama? Sisi huku hatujambo. Mke wangu anakusalimu, anasema nyuzi ulizompa zimetosha na nyingine zimebaki. Mimi niko kibandani kwangu, viatu vya watu vimejaa mpaka mlangoni, maana mvua zimeanza na kila mtu leo ndiyo amekumbuka soli yake. Nimevisukuma pembeni nikuandikie kwanza.

Barua yako nimeipata. Nimefurahi kusikia binti yako amewashinda wanaume wote kwenye shabaha, na kwamba baba yake anatembea kifua mbele kama aliyelenga ni yeye. Umesema msimu ujao utamruhusu kwenda kuwinda milimani, ila aongozane na mimi mjomba wake, si baba yake. Eti mimi ndiye Taratibu wako wa tangu utoto, na baba yake ni mtu wa kutundika sufuria ya marehemu mama mtini na kuipiga mishale. Dada, nilipofika hapo chai ilinishinda.

Ngoja nikueleze msimu ule sufuria ilipotoboka ulivyokuwa. Tulipanda mimi na shemeji, kama kila mwaka. Upinde si bunduki, lazima umsogelee mnyama mpaka umwone akipepesa macho, na mbuzi mwitu wa kule wana masikio ya mama mkwe. Shemeji alipata wake mapema. Mimi nilikosa, nikakosa tena. Kila jioni tukiota moto alinitania kwamba mbuzi wakiniona wanaendelea kula, wanajua wako salama. Nilicheka mdomoni tu, rohoni nilikuwa nachemka.

Sasa, sisi wawili tuna sheria yetu. Anayehama mahali pake anapiga mluzi mara mbili, na mwenzake haachii mshale mpaka aone miguu minne. Sheria hiyo niliitunga mimi, na wewe umenisifia kwayo mbele ya watu.

Siku ya mwisho ukungu ulishuka. Kichaka kilitikisika mbele yangu, nikaona mgongo wa rangi ya kahawia. Miguu sikuiona, wala sikuitafuta. Nilijiambia leo sirudi mikono mitupu, nikaachia. Nikasikia mlio wa bati, halafu sauti ya shemeji, pole kabisa, ikiniuliza chai ya jioni imenikosea nini.

Alikuwa amepiga mluzi, dada. Niliusikia. Nikasema ni ndege, kwa sababu nilitaka awe ndege.

Mshale ulipita kwenye begi lake la mgongoni, ukatoboa sufuria ya mama iliyokuwa humo, ukakwama kwenye sweta alilolisokomeza ndani. Bila sufuria ile leo ungekuwa mjane, na mimi sijui ningekuwa nani. Nilikaa kwenye matope. Aliyeninywesha maji ni yeye, badala ya mimi kumnywesha. Akasema jambo hili lifie palepale, maana ukilijua utampoteza ndugu bure wakati mume bado unaye.

Ya nyumbani unayakumbuka. Uliliona tundu, tukasingizia jiwe, ukasema hakuna jiwe linalotoboa hivyo, ukambana shemeji mpaka akasema basi, alikuwa anajipima shabaha. Ukamwita mtoto mwenye mvi. Mimi nilikuwa nimekaa pale nakula chakula chako, na nikaongezea kwamba kweli, shemeji anapenda mchezo. Alinitazama mara moja tu, akaendelea kutafuna. Mshale niliuachia bila kuangalia. Maneno yale niliyaangalia kwanza. Hayo ndiyo nakuomba msamaha kwa magoti, hata kabla ya mshale.

Ningeweza kunyamaza mpaka uzeeni. Lakini sasa unataka kunikabidhi mtoto, tena kwa kumnyang'anya baba yake heshima iliyo yake. Hapo nimeshindwa. Na nikuambie ukweli, tangu nimeandika huo mstari wa mluzi, mwili umelegea kama wa mtu aliyevua kiatu kilichombana kutwa. Hasira zako nazisubiri, na nafuu yangu ninayo.

Barua hii anakuletea shemeji mwenyewe kwenye lori lake. Nimemweleza kilichomo. Alikuna kichwa, akasema kama ni hivyo ataikabidhi halafu aende kuegesha lori, na huenda kuegesha kukachukua muda. Akirudi, tafadhali umwekee maji ya kuoga ya moto.

Binti aende na baba yake. Mimi sipandi mpaka wewe useme. Na ile sufuria uliyotaka nikutafutie fundi wa kuiziba, usiizibe. Itundike ukutani pale zinapokaa pinde, na kila anayekwenda kuwinda apitishe kidole kwenye tundu kwanza. Mimi nikiruhusiwa tena, nitapitisha mkono mzima kama utaingia.

Nisalimie watoto wote na jirani yako mcheshi. Mgongo uukande, usiinue ndoo.

Ni mimi mdogo wako. Lile jina la Taratibu nakurudishia, nitunzie mpaka uone linanienea.