Kompyuta ya Kuingia Begini

4 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila situlii. Masomo yanaisha, na Juni narudi kufanya kazi hapo hapo nyumbani: kuandika programu na kupiga hesabu za maji yanavyopita chini ya ardhi. Laptopu yangu ikipewa hesabu hizo inachemka hadi inajizima. Nimeona kompyuta ya mezani, ndogo, ukubwa wa mkate mmoja tu. Mwambie seremala atengeneze meza, nyuma aache nafasi mashine ipumue.

Mwanao

13 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unanisumbua, lakini cherehani haijanishinda. Meza tayari, iko kona ya dirishani. Majora yangu ya vitambaa nimeyahamishia chumbani. Shangazi yako kauliza mashine ya ukubwa wa mkate itafanya kazi gani. Nikamwambia hata wewe ulizaliwa mdogo. Nina furaha mpaka naona aibu.

Mama

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini umepata nafuu. Ile ndogo nimeiacha. Prosesa ina nguvu, lakini feni inavuma na memori haiongezeki. Ipo nyingine inayoongezeka, ila ni pana. Ya tatu ni tulivu, lakini nusu ya programu zangu inazikataa. Nafungua kurasa, nafunga, nafungua tena. Seremala aongeze upana kidogo? Au basi, asubiri kwanza. Muhimu iingie kwenye begi la mkononi.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, mgongo ni ule ule. Seremala ananiuliza kama tunamchezea. Na mimi nakuuliza: meza iko hapa, begi la nini? Nimeshona maisha yangu yote. Mteja anayebadili vipimo kila wiki huwa hajajua anakwenda wapi. Niambie waziwazi, unarudi kukaa au unapita? Jibu upesi, nina wasiwasi.

Mama

21 Mei

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya hiki. Tangu Februari kuna maabara imenipa nafasi ya kazi, mbali zaidi kuliko hapa nilipo. Nilidhani nikipata kompyuta inayofaa huko na hapo nyumbani, sitalazimika kuchagua. Kazi hiyo naitaka, Mama, na kukaa nawe pia nataka. Mwisho wa mwezi wanataka jibu. Unasemaje?

Mwanao

26 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sikufichi, nimelia. Wateja wote nilishawatangazia kwamba unarudi, sasa sijui nitawatazama vipi. Halafu nikakasirika, halafu nikachoka kukasirika.

Wakubalie. Kompyuta chukua ile ya memori inayoongezeka, maana kazi yako itakua na sitaki uje kujuta. Ikiwa pana, tafuta begi pana.

Lakini pitia nyumbani kwanza. Ulale, unichoshe na hizo hesabu zako. Na siku ya kuondoka, uniage mlangoni kwa mdomo wako mwenyewe. Baba yako aliniaga kwa barua.

Mama