Mboga za Siku Tatu

Langas, Eldoret
Jumapili, 4 Juni 1967

Kwa dada yangu mpendwa Nasambu,

Pokea salamu zangu, nyingi kama mvua inayotunyeshea huku tangu Aprili. Natumaini wewe, shemeji na watoto mnaendelea vyema, na kwamba ule mguu wako uliokuwa ukikusumbua sasa umepata nafuu. Mimi mwili ni mzima. Mama naye ameamka salama, na hivi ninapoandika ameketi juani nje ya mlango wake, anasikiliza watu wakitoka kanisani na kuniuliza huyu ni nani na yule ni nani.

Barua yako ilinifikia dukani wiki jana, nikaisoma mara tatu. Mahali ulipoandika nimshukuru Benta kwa jinsi anavyompikia Mama, hapo nilikunja karatasi nikaitia mfukoni. Shukrani hizo sina wa kumpa, dada. Benta hayuko hapa. Hajakuwa hapa tangu Februari.

Najua ulinikubalia kumleta Mama Eldoret kwa sharti moja tu, kwamba mke wangu awe hapa kumhudumia mpaka daktari amfungue macho. Nami niliahidi. Lakini wiki mbili baada ya Mama kufika, kamati ya kampuni yetu ya kununulia mashamba ilitangaza kwamba kila mwanachama aonekane kwenye sehemu yake kabla ya mvua, alime, ajenge hata kibanda, la sivyo sehemu hiyo apewe mwingine. Unajua mimi nimelingoja shamba hilo miaka mingapi. Mimi siwezi kuacha kazi ya stoo kwa Mzee Omar, kwa maana ndiyo inayotulisha. Basi akaenda Benta. Yuko huko ng'ambo ya Soy, analala chini ya mabati matatu, na mahindi yake yamemfika kiunoni. Nilikuficha kwa sababu nilijua ungeamuru arudi, na ungekuwa na haki.

Sasa utauliza nani anampikia Mama. Ni mimi.

Mama nilimwambia kwamba anayepika ni Nasike, jirani yetu anayeuza vitunguu sokoni. Niliona haya kumwambia mama yangu mzazi kwamba mwanawe wa kiume ndiye anayemchambulia majani. Haikuwa vigumu kumficha. Macho yake yanaona mwanga na kivuli tu, na chumba chake nilikikodi ubavuni mwa changu, maana unajua kwa mila zetu mama hawezi kulala nyumba ya mwanawe. Napika kwangu mlango ukiwa umefungwa, kisha nampelekea sahani na kusema Nasike ameleta.

Nilidhani itakuwa kazi ndogo. Miaka kumi na mmoja nilikuwa mpishi wa yule bwana mzungu wa Soy, na hakuna siku aliyorudisha sahani jikoni. Koliflawa ya mchuzi mweupe, karoti za siagi, njegere, vyote navijua, na kila kitu kwa dakika zake. Daktari alipomwona Mama alisema mwili wake ni dhaifu mno kwa kisu, ale kwanza, apate nguvu, kisha nimrudishe. Nikajiambia, kumbe hapa ndipo kwangu. Nyama hawezi kuitafuna kwa sababu ya meno, lakini ugali na mboga ni kitu gani?

Dada, mboga hizo zimenitesa kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya.

Siku ya kwanza nilimpikia kabeji na karoti, laini, zenye siagi. Alionja, akatafuna polepole, akauliza, "Hii ni mboga, au ni maji yaliyopita karibu na majani?" Akala ugali mkavu. Siku ya pili nikanunua mrenda. Ukafura, ukapanda, ukamwagika juu ya makaa mpaka jiko likazimika na chumba kikajaa moshi, nami nimevaa shati la kazini. Uliobaki niliuchemsha sana, ukapoteza ule utelezi wake, na Mama akasema unateleza kama mchanga. Saga, majani yale machungu, ndiyo ilinimaliza kabisa. Nilipoipika kwa maji yake, alisema ni chungu kama dawa. Nilipomwaga maji yale, alisema Nasike ametupa mboga akapika mabua. Kunde nilizipika ngumu, siku ya pili nikazipika uji. Safia, mke wa Mzee Omar, aliponiona nikinunua maziwa ya kutia mbogani kila mara aliniuliza kama nyumbani kuna mtoto. Alinipa samli kidogo kwa wema wake. Nikaikaangia majani ya terere, na mboga ilinukia vizuri sana. Mama alisogeza sahani akasema mboga hii inanuka nyumba ya watu wengine.

Na huku wapangaji wenzangu wa ploti hii wameanza kujua. Fundi Mburu, anayetengeneza milango upande wa barabara, alichungulia dirishani mwangu siku moja akaniona nimekaa kwenye stuli na lundo la kunde magotini. Aliniuliza mume wangu anarudi saa ngapi kutoka kazini. Wakacheka yeye na wenzake, na tangu hapo kila nikipita ananiuliza leo tumepika nini.

Haya yote ningeyavumilia kama Mama angekula. Hakuwa anakula. Kila jioni nilikuwa narudi nimechoka kwa kupanga magunia, nachambua, naosha, napika, na sahani inarudi vile ilivyokwenda. Mikono yake ikawa myembamba. Daktari alipomwona tena mwanzoni mwa Mei alitikisa kichwa, akasema hajaongezeka hata kidogo, na mimi kama mwanawe nijitahidi. Nilitoka pale nimemshika Mama mkono, nikasikia hasira inanipanda, na sikujua ni hasira kwa nani.

Sasa nitakuambia jambo ambalo Benta hajui, wala mtu mwingine yeyote wa ukoo wetu.

Jumamosi ya wiki hiyo hiyo nilipika saga tena. Niliipa muda, nikatia maziwa, nikaionja, nikaona safari hii nimepata. Mama akatia tonge moja mdomoni, akalitoa, akaliweka kando ya sahani. Akasema, "Mwambie Nasike asijisumbue tena."

Niliichukua sahani ile mbele yake nikaitupa nje, dada, na sahani yenyewe ikapasuka. Nikamwambia Mama yetu kwa sauti ambayo ploti nzima ilisikia kwamba hakuna Nasike, hajawahi kuwapo Nasike, ni mimi. Nikamwambia mzungu alikula mkononi mwangu miaka kumi na mmoja na hakutema kitu. Nikamwambia kama anataka kufa njaa, akafie kwake Kimilili, si mlangoni pangu.

Nilisema hivyo. Kwa mama yangu, ambaye haoni hata mahali nilipokuwa nimesimama.

Yeye hakulia. Alingoja nimalize, akapangusa mikono kwenye leso, akasema, "Nilijua ni wewe, papa. Tangu wiki ya kwanza." Aliniita papa, kama alivyokuwa akiniita nikiwa mdogo. Akasema mwanamke wa kwetu hukatia mboga mkononi, wala huwezi kusikia kitu, lakini yeye kila jioni alikuwa akisikia kisu kikigonga ubao, ta ta ta, na akajua huyo amejifunza kwa wazungu. Nikamuuliza mbona alinyamaza. Akajibu, "Uliona haya. Ningesema, ungeacha kupika, tungekaa hapa na mkate wa dukani." Kisha akaongeza, "Lakini kujua ni wewe hakukufanya mboga iwe tamu."

Nilirudi chumbani kwangu nikafunga mlango. Siku iliyofuata sikupika, na yeye hakuuliza. Nilimpelekea chai na mkate na sikuweza kumwangalia usoni.

Jumatatu jioni nilisikia fimbo yake inapapasa ukutani, kisha ikagonga mlango wangu. Alikuwa amekuja peke yake. Hakuingia ndani. Alikaa kizingitini, akanyoosha mikono, akasema nimpe hayo majani. Akayashika moja moja kwa vidole, haya yamekomaa mno, tupa, haya sawa. Akaniamuru nichome maganda ya maharagwe, nichuje maji ya majivu yake, niyatie chunguni kidogo tu yalainishe mboga. Akasema saga haipikwi peke yake, changanya na kunde. Nilipomuuliza ni dakika ngapi, alinicheka. Akasema, "Siku tatu." Leo unaichemsha, kesho unaongeza maziwa na kuirudisha motoni, kesho kutwa unaongeza tena, ndipo uchungu unaiacha bila kuikimbiza nguvu yake. Dada, nilikaribia kukasirika upya. Miezi mitatu nimehangaika na saa ya mkononi, na kitu chenyewe kilikuwa kinataka kuachwa.

Mlango ulikuwa wazi muda wote huo, na Mburu alipita. Mama alimsikia anacheka, akamuuliza jina lake, kisha akamuuliza yeye mama yake anapikiwa na nani. Mburu akaenda zake. Sijamsikia akicheka tena, ingawa bado ananiangalia.

Siku ya tatu Mama alikula nusu ya sahani. Siku ya nne alimaliza, akasema chumvi imezidi. Bado ananigombeza kila siku, nami bado narudi kazini nimechoka na kukasirika, na mrenda ungali unanimwagikia. Lakini Alhamisi iliyopita daktari alimpima akaridhika. Atamfungua jicho la kwanza tarehe ishirini mwezi huu. Kwa neno lile nililomwambia nimemwomba msamaha mara mbili. Mara zote mbili aliniuliza kama moto unawaka.

Nakuomba nawe unisamehe kwa kukuficha. Nakuomba pia usimwite Benta mpaka amalize palizi, kwa maana ameteseka kuliko mimi na hajalalamika.

Mama amesikia kalamu, amesema nikuandikie yake pia. Anakusalimu wewe na watoto wote, anataka uwe hapa siku hiyo ya ishirini ili awe na mtu wa kumshika mkono hospitalini. Anasema usibebe mboga wala chungu, na ukifika usiingie jikoni. Ukae naye nje, uletewe.

Wasalimie shemeji na jirani wote wanaotuulizia. Mimi nakungoja.

Ndimi mdogo wako,
Murunga