Msipunguze Sauti ya Kompyuta ya Baba

Wanangu,

Nimekwenda kwa daktari wa meno. Chakula kiko kwenye sufuria, pasheni moto. Na kompyuta ya baba yenu msiipunguze tena sauti. Ikisoma inawakera, najua, lakini ndiyo macho yake.

Asubuhi nilihangaika nusu saa na kipanya nikitafuta barua pepe ya miadi. Baba akasema, "Nipishe, mama watoto." Akabonyeza Kontroli na E za kutafutia, akaandika jina langu, akaruka hadi barua ya zamani kuliko zote. Kompyuta ikasoma niliyomwandikia kabla hatujaoana, neno kwa neno, mbele ya bibi yenu. Eti vidole viliteleza. Miaka yote hii havijawahi kuteleza.

~~Mwambieni nimenuna.~~ Mwambieni narudi mapema.

Mama