Gari la Majeneza Linachemsha

4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko? Kifua kimepona, au bado unakohoa ukiwaficha mabosi wako? Mimi mzima, ila goti linalalamika nikipanda ngazi.

Sasa nisikilize. Tangu tumzike baba yako, gari la majeneza naliendesha mimi. Barabara kuu linakwenda vizuri, mshale wa joto umetulia katikati. Lakini tukianza msafara, waombolezaji wakitembea kwa miguu nyuma yetu, mshale unapanda mpaka kwenye nyekundu na mvuke unafuka. Juzi nilikwama njiani na jeneza la mwalimu mstaafu. Wanafunzi wake wa zamani wakalibeba mabegani mpaka makaburini. Nilitamani ardhi inimeze.

Baba yako mdogo ameshapata la kusema. Eti gari halitaki mwanamke, eti marehemu baba yako ananikataa. Anataka funguo, na mafundi wote wa hapa ni marafiki zake. Wewe uko gereji huko. Niambie gari lina nini.

Mama yako

19 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Kikohozi kimeniacha, usiwe na wasiwasi. Goti ulikande kwa maji ya moto.

Usinikasirikie kwa hili: mpe tu hilo gari. Kwa nini ujitese na maiti za watu na maneno ya ukoo? Njoo ukae nami. Chumba ni kidogo, tutabanana.

Kama ni lazima, tazama maji ya rejeta asubuhi, gari likiwa limepoa. Halafu tazama kama feni inazunguka. Likikimbia, upepo wa barabarani unaipoza rejeta. Likienda polepole, kazi yote ni ya feni.

Mwanao

3 Machi

Wewe mtoto,

Salamu zimefika. Mimi mzima, na goti zima.

Sikukuomba chumba. Nilikuomba fundi. Nimekaa kwenye kiti cha pembeni cha gari lile tangu hujazaliwa, nikishika maua na kuwanyamazisha wafiwa, leo niambiwe nishuke?

Maji yamejaa. Feni inazunguka, nimeiona kwa macho yangu. Ni mpya, baba yako mdogo aliifunga mwenyewe wiki ile ya msiba wa baba yako. Nimewaambia ukoo mzima: msiba wa kwanza wa mwezi wa nne, njooni mtazame. Likichemsha, funguo hizi hapa. Mpaka siku hiyo nimelipaki.

Ila nikuambie ukweli. Nikiwa peke yangu mle ndani huwa namuuliza baba yako kama kweli amenikataa. Hilo ndilo linaloniuma, mvuke hauniumi.

Mama yako

20 Machi

Shikamoo Mama,

Nimekusoma na nimekoma. Chumba nimekifunga, tuzungumzie gari.

Feni kuzunguka hakutoshi. Liwashe, liache lingurume limesimama mpaka feni iwake. Shika karatasi nyepesi mbele ya gari, nje ya grili. Mikono iwe mbali na mapanga ya feni. Karatasi ikivutwa ndani, tatizo liko kwingine, niandikie upesi. Ikisukumwa nje, feni inazunguka kinyume, inapigana na hewa inayotaka kuingia. Mwendo wa kasi, upepo unaishinda nguvu. Mwendo wa msiba, hakuna upepo wa kuishinda.

Ikiwa hivyo, zima gari, chomoa waya wa betri, kisha geuza zile nyaya mbili za feni: wa huku uende kule. Basi.

Mama, usimpe funguo.

Mwanao

15 Aprili

Mwanangu,

Umeamkaje? Mimi mzima kuliko jana.

Karatasi iliruka ikanipiga usoni. Nilikaa chini kwenye saruji nikalia, kisha nikacheka, jirani akadhani nimepagawa. Nyaya nimezigeuza kwa mikono yangu. Kama shemeji alifanya kusudi au ni mikono mizito, sijui, na sitamuuliza.

Msiba ulikuwa wa mzee fundi saa. Tumekwenda mwendo wa miguu kilima chote, shemeji akitembea ubavuni kwangu, ameikodolea boneti macho kama paka kwenye tundu la panya. Mshale katikati. Tulipomaliza kuzika akasema ni bahati tu, leo kuna kibaridi.

Nikamwambia apande.

Nikamzungusha mtaa kwa mtaa, mwendo ule ule wa jeneza, jua la saa nane limetuwakia. Watoto wakatupita kwa miguu. Tulipofika nyumbani kwake akasema amefika. Nikamwambia bado. Nikageuza, nikarudi naye makaburini taratibu, nikasimama kando ya kaburi la baba yako, injini ikinguruma, feni ikivuta.

"Haya shemeji," nikamwambia, "muulize sasa kama ananikataa."

Akashuka, akarudi nyumbani kwa miguu.

Mama yako, dereva